Maiti Haitoki Mbezi Ikiendeshwa

Jumatano iliyopita, mvua ya masika ilipopumua kidogo, kaka mmoja aliingia kijiweni kwetu Tabata na Toyota Vanguard nyeusi. Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Wote walichomeka mashine ya kusomea hitilafu za gari, na mashine zote zikaandika kwamba hakuna mawasiliano na gari. Fundi wa pili alimpa na hukumu kabisa: kontroo boksi imekufa, andaa laki nane.

"Umeivuta au umeiendesha?" nikamuuliza.

"Nimeiendesha mwenyewe, fundi. Kutoka Mbezi."

Maiti gani hiyo inayotoka Mbezi, inakaa foleni ya Ubungo, inafika Tabata bila kuzima? Kontroo boksi ndiyo inayoamuru nozeli zimwage mafuta na koili zipige cheche. Ikifa kweli, injini haiwaki. Huyu kaka aliuziwa msiba wa mtu aliyekuwa hai.

Simcheki fundi mwenzangu. Na mimi niliwahi kuzika mzima, tena kwa pesa za mama wa watu.

Ilikuwa 2016. Toyota IST, ile ya kwanza, iliyojaa Dar es Salaam mpaka mtu ukitafuta yako kwenye maegesho unabonyeza rimoti. Mwenyewe ni mama anayesambaza vitenge. Gari lilizima ghafla barabarani, likaja limevutwa kwa kamba. Selfu inapiga, injini haishiki. Nikachomeka mashine: taa zake zikawaka, ikazungusha kale kaduara kake dakika nzima, ikaleta maandishi mekundu. Nikawasha swichi tena, nikarudia, yale yale. Kwenye dashibodi taa ya chek injini haikuwaka kabisa, na hilo ndilo lililonipa kiburi. Nikamwambia, "Mama, kontroo boksi imekwenda."

"Mwanangu, una uhakika?"

"Nina uhakika, mama."

Tukaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, tukachukua ya mtumba yenye namba ile ile, laki mbili na nusu. Nikaifunga. Mashine ikazungusha duara, ikaleta maandishi mekundu. Jasho lililonitoka siku ile silisahau.

Nikampigia mzee aliyenifundisha kazi. Alikuja jioni na bodaboda, mkononi ana tesita kuukuu na kipande cha waya. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mashine yako iweke pembeni kwanza." Akafungua boneti, akachomoa soketi ya sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), akapima tundu linaloleta umeme kutoka kontroo boksi. Hapo panatakiwa volti 5. Palikuwa na sifuri. Akashika fungu la waya linalopita nyuma ya injini, akalitikisa taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto. Ndani ya gari taa ya chek injini ikamweka.

Waya mmoja, mwembamba kuliko uzi wa kandambili, ulikuwa umesuguana na kibano cha chuma mpaka ganda likaisha. Shaba ikagusa bodi ya gari. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Katika kontroo boksi za Toyota, zile volti 5 zinazopelekwa kwenye sensa, mstari unaoandikwa VC kwenye michoro, zinatoka kwenye chanzo kimoja na zile zinazoendesha akili ya kontroo boksi yenyewe. Ukipiga shoti mstari huo ukiwa hata mbali kule kwenye sensa, akili inazima. Taa ya chek injini haiwaki, injini haishiki, mashine haijibiwi. Kila dalili ni ya kifo, na kumbe ni usingizi. Mzee aliviringisha utepe, akavalisha kipande cha mpira, akasogeza kibano. Kontroo boksi ya zamani ikarudishwa mahali pake, gari likawaka kwa mzunguko wa kwanza.

Ile ya mtumba muuzaji aligoma kuipokea tena, na kwa kweli sikuwa na la kumlaumu. Mama nikamlipa laki mbili na nusu yake kidogo kidogo, miezi mitano. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo maandishi mekundu nayasoma kama ile sauti ya simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Ukiisikia hukimbilii kununua sanda. Huenda mtu yuko kwenye lifti, huenda chaji imeisha, huenda wewe mwenyewe umekosea tarakimu. Mashine haijui hata kimoja kati ya hivyo. Inachojua ni kwamba imeuliza na haikujibiwa.

Kwa hiyo naanzia mlangoni, kwenye soketi chini ya usukani. Ina matundu 16: mstari wa juu 1 hadi 8, wa chini 9 hadi 16. Namba 16 inaleta umeme wa betri moja kwa moja, hata swichi ikiwa imezimwa. Namba 4 ni ethi (upande hasi) ya bodi, namba 5 ni ethi ya mawasiliano. Mashine inakula umeme hapo hapo, kwa hiyo isipowaka kabisa, tatizo halijafika hata karibu na kontroo boksi. Angalia fyuzi. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa OBD, ni ya ampea 7.5. Kuna magari ya kampuni nyingine ambayo soketi hii inatumia fyuzi moja na kiwashia sigara, na unajua kiwashia sigara cha Dar kinavyochomekwa: chaja ya simu, pampu ya upepo, spika ya dogo. Fyuzi inakatika, mwenye gari hana habari kwa sababu hana cha kuchaji siku hiyo, na wiki ijayo anaambiwa gari halisomi.

Mashine ikiwaka usishangilie bado. Tesita ya dijitali inadanganyika kirahisi. Waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12.6 safi kabisa, ila ukiudai kazi unakata roho. Mimi natumia balbu ndogo ya wati 5 niliyoiunganishia waya mbili. Nagusa 16 na 4: iwake vizuri. Nagusa 16 na 5: iwake vile vile. Ikiwaka nyekundu ya kinyonge kama mshumaa, umeshapata pa kuanzia. Mara nyingi ni ethi yenye ukungu wa kijani, hasa kwa magari yaliyowahi kuogelea kwenye mafuriko ya Jangwani.

Ombi moja: msisukumize ncha za tesita ndani ya yale matundu. Yana vibati vyembamba vinavyobana pini ya mashine. Ukivitanua havirudi, na kuanzia hapo mashine haitasoma mpaka uishike kwa mkono na kuielekeza upande wa Kibla. Hivi vifaa vya bei rahisi vyenye pini nene vimeharibu soketi nyingi kuliko panya.

Na hapo tunafika kwa vile vidude vya bluutuu. Kila wiki simkosi mteja aliyenunua kidude cha elfu kumi na tano, akapakua programu kwenye simu, akachomeka kwenye gari lake la kutoka Japani na kukuta halisomi. Gari zima. Kidude nacho chaweza kuwa kizima. Hawaelewani lugha tu.

Marekani iliamuru kila gari jipya la abiria kuanzia modeli za 1996 liwe na soketi hii ya matundu 16 na liongee lugha inayojulikana. Ulaya ikafuata 2001 kwa magari ya petroli. Lakini hata lugha hiyo haikuwa moja, itifaki zilikuwa tano, na Wamarekani walilazimishana kutumia moja tu, ile ya kani (CAN), kuanzia modeli za 2008. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Mjapani aendeshe Osaka halikuwa chini ya sheria ya Marekani. Kiwanda kiliweka soketi ile ile, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa stoo, ila ndani kikaacha lugha yake ya nyumbani. IST, Passo, Noah za zamani, Forester za zamani, ndio hao. Subaru za miaka hiyo zinaongea Kisubaru kwenye waya namba 7, kwa kasi ambayo kidude cha bluutuu hakitaijaribu hata kwa bahati mbaya. Nissan nyingi zina na soketi ya pili ya kijivu, matundu 14, iliyojificha jirani na ile ya 16. Umbo la soketi lisikudanganye. Si kila mvaa kanzu ni shehe.

Ndiyo maana mashine ya fundi inakuuliza nchi kabla ya modeli. Ukichagua Toyota ya Ulaya kwa gari la Japani utapata maandishi mekundu, ukirudi nyuma ukachagua Japani linafunguka. Nimeona watu wazima wakibishana nusu saa juu ya kontroo boksi, kumbe ni kitufe.

Waya huo namba 7, tunaouita laini ya K, una adabu zake ambazo mimi nazipenda. Mashine haianzi kuuliza maswali papo hapo. Kwanza inabisha hodi, na mara nyingi inabisha polepole mno: biti 5 kwa sekunde, hivyo hodi nzima yenye biti 10 inachukua sekunde 2. Gari likisikia linaitikia kwa baiti maalumu, tayari kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde, na mazungumzo yanaanza kwa kasi hiyo. Zile sekunde ambazo mashine inaonekana imezubaa, iko mlangoni inasubiri kukaribishwa. Kwa desturi zetu ukibisha hodi mara tatu bila kujibiwa unaondoka, na mashine nyingi nazo haziendi mbali zaidi ya hapo.

Betri ikiwa dhaifu, hodi haisikiki. Nimeacha kabisa kupima gari lenye betri chini ya volti 12, naweka chaja kwanza.

Ubaya wa laini ya K ni kwamba waya ni mmoja na wakazi ni wengi: injini, ABS, eabegi, wote wananing'inia hapo. Ikitulia bila mazungumzo, mashine ikiwa imechomekwa, inakaa karibu na volti za betri. Ukikuta sifuri, kuna mmoja ameivuta chini kwenye ethi na amewanyamazisha wote. Hapo kazi inakuwa ya kuchomoa soketi moja moja, huku jicho liko kwenye tesita, mpaka volti ziruke. Siku moja mkosaji alikuwa redio. Volkswagen Golf ya kizazi cha nne: mwenyewe kabadilisha redio, kijana aliyefunga kaunganisha soketi kama ilivyo, hakujua kwamba kwenye gari lile laini ya K inapita mpaka nyuma ya redio. Redio ilipiga muziki vizuri sana.

Kabla ya mashine kuwa nyingi, mzee wetu alikuwa anasoma Toyota kwa waya tu. Unaunganisha tundu 4 na tundu 13, unawasha swichi bila kupiga selfu, taa ya chek injini inaanza kukukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi, yaani namba ya hitilafu (na kodi hizi si za TRA). Ikikonyeza mara nne, ikatulia, kisha mara moja, hiyo ni 41, sensa ya throto. Mpaka leo natumia njia hii kwenye IST mashine ikigoma, kwa sababu ina siri ndani yake: taa ikikonyeza, kontroo boksi iko hai na inafikiri. Kilichobaki ni njia.

Dogo wa kijiweni alinitazama nikifanya hivyo mara mbili, ya tatu akataka kufanya mwenyewe. Alilala chali chini ya usukani, tochi mdomoni, akahesabu anavyojua yeye. Waya ukaingia 4 na 16. Yaani betri na ethi, uso kwa uso. Cheche, harufu, kimya. Akatoka huku akipuliza vidole, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, soketi mbovu." Fyuzi ya OBD ilikuwa imekatika, bahati nzuri ikafia kazini. Sasa anahesabu kwa sauti.

Turudi kwa Vanguard.

Hii ni ya kizazi cha kani. Mtandao huu ulitengenezwa na Bosch, ukatangazwa Detroit mwaka 1986, na leo ndio uti wa mgongo wa karibu kila gari linaloshuka bandarini. Ni waya mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Kwenye soketi zinatokea tundu 6 na tundu 14. Kukiwa kimya zote zinakaa volti 2.5, mtu akiongea moja inapanda hadi 3.5 na nyingine inashuka hadi 1.5. Kwenye kila mwisho wa mstari kuna kizuizi cha omu 120 cha kuzuia mwangwi, maana ujumbe ukifika mwisho bila kuzuiwa unadunda na kurudi kuwavuruga wanaoendelea kuongea. Vizuizi viwili vya 120 vilivyokaa sambamba vinasomeka 60.

Namba hiyo 60 imenilishia watoto. Unafungua terminali hasi ya betri, unasubiri kidogo, unapima omu kati ya 6 na 14. Ukipata 60, barabara nzima. Ukipata 120, mwisho mmoja umepotea, aidha waya umekatika au soketi imechomoka. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza kizuizi cha tatu, na hapo natafuta kifaa cha kufuatilia gari kilichopachikwa kwa kusokota waya na utepe. Kupima huku ni kazi ya dakika tatu, bila mashine ya mamilioni.

Nikamuuliza yule kaka gari linamsumbuaje, mbali na kutosoma.

"Ule mshale wa mizunguko ya injini, fundi. Nikipita kwenye makorongo unalala chini kabisa, halafu unaamka. Na taa ya ABS inakuja inaondoka."

Hapo nilishaanza kuhisi. Mashine yangu ilisoma jaribio la kwanza, ikapotea, ikasoma tena. Kwenye zile sekunde ilizoshika ilileta kodi mbili tatu zinazoanza na U. Kodi za U ni za mawasiliano, na zinatafsiriwa vibaya sana. U0100 haisemi kwamba kontroo boksi ya injini imekufa. Inasema kuna mwenzake aliyeita na hakumsikia. Ni ushahidi wa jirani, si cheti cha daktari.

Nikafungua betri, nikapima: 60 na vipointi. Barabara nzima. Nikamwambia dogo aingie ndani agonge dashibodi kwa kiganja, pole pole, kutoka upande wa abiria kuja kwa dereva. Abiria: 60. Katikati kwenye redio: 60. Juu ya usukani: 120. Akaondoa mkono: 60. Akagonga: 120.

"Rudia hapo hapo," nikamwambia.

120.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ile kizuizi kimoja kimo ndani ya kontroo boksi ya injini, na cha pili kimo ndani ya kile kibao cha mishale nyuma ya usukani. Tukatoa fremu. Skurubu za juu za kibao zilikuwa mbili tofauti, moja ya Toyota, nyingine ya sijui wapi, na plastiki pembeni ilikuwa na mikwaruzo ya bisibisi. Nikachomoa soketi ya nyuma, nikaigeuza kwenye mwanga. Pini zote zimekaa mstari mmoja kama askari gwaride, isipokuwa moja iliyorudi nyuma kama milimita tatu. Aliyeichomeka mara ya mwisho aliilazimisha, pini ikasukumwa, kifungo chake cha plastiki kikakatika. Tangu siku hiyo ilikuwa inagusa inapojisikia.

Nikairudisha mbele kwa sindano, nikaiwekea kabari ya plastiki, nikachomeka mpaka ikalia "ka". Dogo akagonga dashibodi kama anatwanga: 60, 60, 60. Tukarudisha betri, mashine ikafungua gari zima: injini, gia, ABS, eabegi. Nikafuta kodi, tukazunguka barabara ya vumbi mpaka relini na kurudi, mshale haukulala.

Kaka wa watu alifurahi mpaka akaagiza soda. Halafu akakaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, akawa anakitazama kile kibao.

"Fundi, hapa kwani kuna mtu alishawahi kufungua? Mimi nimelinunua mwezi wa kumi tu."

Namba kwenye kibao zilisomeka kilomita 68,412. Nikainama kuokota bisibisi yangu chini ya usukani, macho yakaangukia pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa.

"Mimi umeniletea kazi ya mawasiliano, kaka," nikamwambia. Naye akainama, akatazama nilipokuwa natazama.

Soda yake aliiacha nusu.